Mota ya santuri hufuata herzi: nilivyoijengea umeme wake

Ninapiga gitaa, na sehemu kubwa ya ninachokijua nimejifunza mbele ya santuri. Franco na OK Jazz, Mbaraka Mwinshehe, Elly Wamala wetu wa hapa Uganda: naweka sindano, nasikiliza kipande, nainyanyua, natafuta pa kuweka vidole, nairudisha. Kwa kazi ya namna hii kicheza santuri lazima kizunguke kwa mwendo wake hasa. Kikizidi kidogo tu, wimbo mzima unapanda, na gitaa lililotyuniwa vizuri linaanza kugombana na santuri. Msikilizaji wa kawaida anaweza asitambue. Mpiga gitaa anatambua kwenye noti ya kwanza.

Kicheza santuri chetu ni Thorens TD 160. Mjomba wangu alikuja nacho kutoka Ujerumani, alikokwenda kusomea ufundi wa umeme miaka ya sabini, na tangu hapo kimekaa Walukuba, hapa Jinja. Walukuba ni mtaa uliojengwa kwa ajili ya wafanyakazi, wengi wao wa viwandani, watu wa makabila mengi na wengine kutoka ng'ambo ya mpaka wa Kenya, na Kiswahili ndicho kilichotuwezesha kuishi mlango kwa mlango. Santuri za mjomba nazo ni za mchanganyiko huohuo: Kilingala, Kiswahili, Kiganda, Kijaluo, nyingi zikiwa zile ndogo za inchi 7 zinazochezwa kwa mwendo wa 45.

Tatizo lilikuwa la usiku. Umeme wa gridi ukiwepo, gitaa na santuri vilikubaliana. Ukikatika, tukawasha jenereta tunayochangia na jirani, kila wimbo ulipanda zaidi kidogo ya robo toni. Friji la jirani likianza kuvuta, sauti ya mwimbaji ilishuka katikati ya neno, ikakaa chini kidogo, kisha ikapanda tena. Kwenye inveta ya sola mwendo ulikuwa sawa, lakini nyuma ya muziki kulikuwa na mvumo mzito usiokoma, na kila wimbo ulipofika sehemu ya polepole, gitaa moja na sauti moja, mvumo ule ndio uliosikika mbele.

Niliowauliza walinishauri ninunue stabilaiza, kile kifaa cha kutuliza volti. Ni ushauri wa kueleweka, kwa sababu hapa kwetu matatizo ya umeme tunayoyaona kwa macho ni ya volti: taa inafifia jioni watu wanapopika, inang'aa kupita kiasi saa sita usiku wakilala. Multimita yangu imeshaonyesha chini ya volti 200 na juu ya 250 kwenye soketi ileile, siku ileile. Ila mjomba, ambaye miaka yake yote ya kazi alitunza mota za kiwanda cha nguo, alikataa.

"Mpwa wangu, stabilaiza kanunulie friji," aliniambia. "Hii mota haihesabu volti. Inahesabu herzi."

Maneno hayo ndiyo msingi wa yote niliyofanya baadaye, kwa hiyo nayaeleza taratibu.

Mota ya TD 160 ni ya aina ya sinkronasi, yaani inayokwenda hatua kwa hatua na umeme wake. Ndani yake kuna sumaku yenye ncha 16, na kuizunguka kuna koili zinazogeuza usumaku wake kila umeme wa AC unapogeuka. Umeme wetu hukamilisha mawimbi 50 kwa sekunde, yaani herzi 50. Hesabu ni fupi: zidisha 120 kwa herzi, kisha gawanya kwa idadi ya ncha. 120 mara 50 ni 6,000. Gawanya kwa 16, unapata 375. Mota itazunguka mara 375 kwa dakika, volti ziwe 200 au 250, mradi ina nguvu za kutosha kuvuta sahani. Puli yake ndogo na mkanda wa mpira hupunguza mwendo huo mara 11 na robo, na sahani inapata mizunguko 33 na theluthi moja kwa dakika.

Volti zina kazi nyingine. Zikipungua mno, mota inaishiwa nguvu na kupoteza hatua. Zikizidi, inabaki kwenye mwendo uleule, lakini inapata joto na kutikisika zaidi, na mtikisiko huo hupita kwenye mkanda na kwenye chasisi hadi kwenye sindano. Sindano haijui kutofautisha mtikisiko wa mfereji wa santuri na mtikisiko wa mota. Yote inayapeleka kwenye spika.

Mtu wa Jinja ana njia ya pekee ya kulielewa jambo hili. Bwawa la Nalubaale, lililofunguliwa mwaka 1954 kwa jina la Owen Falls, liko kilomita chache kutoka nyumbani kwetu. Majenereta yake, ya Kiira yaliyo jirani, ya Bujagali chini kidogo ya mto, na mengine yote yaliyoungwa kwenye gridi moja huenda kwa hatua moja, kama askari wa gwaride wanaofuata ngoma moja. Mota ya mjomba ni askari wa mwisho kwenye mstari. Ninaposikiliza santuri kwa umeme wa gridi, mwendo wa wimbo unatoka kwenye maji ya Nile. Nilipolielewa hilo sikuweza tena kuitazama ile puli ndogo ya shaba nikaiona kitu kidogo.

Jenereta ya petroli haina ngoma hiyo. Nyingi za majumbani lazima zizunguke mara 3,000 kwa dakika ili zitoe herzi 50, na kinachodhibiti mwendo wake ni springi na mkono unaofungua na kufunga kabureta. Mafundi huiweka juu kidogo ya 50 ikiwa haina mzigo, ili ikibebeshwa mzigo ishuke hadi hapo. Sisi usiku tulikuwa na taa chache na redio, kwa hiyo ilikimbia juu, na friji lilipoingia ikajikwaa. Kwa balbu si kitu. Kwa santuri ni wimbo mwingine.

Inveta nayo ina kristali yake, kile kipande kinachoshika mapigo kama cha saa ya mkononi, ndiyo maana mwendo ulikuwa sawa. Kasoro ilikuwa kwenye umbo la wimbi. Inveta za bei nafuu hazitoi wimbi laini. Hutoa ngazi: juu, sifuri, chini, sifuri. Ngazi hizo zimebeba ndani yake herzi 150, 250, 350 na kuendelea, na mota inatikisika kwa hizo zote. Ukipiga gitaa unajua herzi 150 ziko wapi: katikati ya nyuzi nene, pale ambapo besi na ridhimu zinakutana.

Kabla sijagusa waya wowote nilitaka kupima, na hapa kuna jambo ambalo ningependa kila mwenye kicheza santuri alijue. Watu hupima mwendo kwa duara la karatasi lenye mistari 180 pembeni. Unaliweka juu ya sahani na kulimulika kwa taa ya umeme wa herzi 50. Taa hiyo humeta mara 100 kwa sekunde, mara 6,000 kwa dakika, na 6,000 ukizigawanya kwa 33 na theluthi ni 180. Mwendo ukiwa sawa, mistari inaonekana imesimama tuli. Ni chombo kizuri, lakini taa na mota zinakula umeme mmoja. Jenereta ikipanda hadi herzi 52, mota inaongeza mwendo kwa asilimia 4, na taa inaongeza kumeta kwa asilimia 4 ileile. Mistari inasimama huku wimbo umepanda. Nimeiona hivyo: mistari imeganda kabisa, na gitaa mkononi linasema vingine. (Zaidi ya hapo, balbu nyingi za LED za siku hizi hazimeti vya kutosha kuonyesha mistari yoyote.)

Kinachotakiwa ni saa isiyotegemea umeme unaoupima, na saa hiyo kila mtu anayo kwenye simu. Mizunguko 100 kwa mwendo wa 33 na theluthi huchukua dakika 3 kamili, sekunde 180. Nilibandika kikaratasi chembamba kwenye ukingo wa sahani, nikashika kadi karibu yake ili kikaratasi kiiguse kila kinapopita. Tak. Tak. Tak. Nilifumba macho ili nisidanganywe na kitu kingine, nikahesabu hadi 100 na kusimamisha saa. Ukikosea kubonyeza kwa theluthi ya sekunde, kosa lako ni chini ya asilimia 0.2, na hicho ni kipimo kizuri kuliko vyombo vingi vya duka. Zipo pia programu za simu zinazosoma mwendo ukiilaza simu juu ya sahani. Zinafanya kazi, lakini mimi nauamini zaidi mkono.

Kwa gridi, hesabu ilikaa kwenye 180 au jirani yake. Kwa jenereta, ilimalizika sekunde ya 174. Ukizigawanya, hiyo ni haraka kwa karibu asilimia 3 na nusu, herzi 51.7, na ndiyo robo toni na ushei niliyoisikia kwa masikio.

Mvumo nao nilitaka kuusikia peke yake, bila muziki. Njia ni kuvua mkanda, ili mota izunguke na sahani isimame. Weka santuri, shusha sindano kwa upole kwenye mfereji uliosimama, ongeza sauti kidogo kidogo. Unachosikia sasa ni mota tupu, ikisafiri kupitia mbao na chuma hadi kwenye sindano. Kwa gridi kulikuwa na mnong'ono wa chini. Kwa inveta kulikuwa na ngurumo. Baadaye njia hii ikawa chombo changu kikuu cha kurekebishia, kuliko hata multimita.

Dawa ya matatizo haya yote ni ya zamani. Kampuni hiyohiyo ya Thorens, mwaka 1968, ilitoa TD 125 ambayo mota yake haikulishwa na umeme wa ukutani moja kwa moja: ndani kulikuwa na oseleta iliyotengeneza wimbi lake, na ampilifaya iliyolikuza. Linn wa Uskoti, waliotoa kicheza santuri cha LP12 mwanzoni mwa miaka ya sabini, walikiongezea bodi ya kazi hiyohiyo, Valhalla, mwaka 1982, na mwaka 1990 wakatoa pawa saplai (kifaa cha kulisha mota umeme) ya Lingo inayokaa kwenye boksi lake. Wazo ni moja: usiombe mwendo kwa ukuta. Tengeneza herzi 50 zako mwenyewe, kwa kristali, ziwe laini, kisha uzikuze hadi mota izikubali. Na ampilifaya inayokuza wimbi la herzi 50 haina tofauti na ampilifaya inayokuza besi ya Franco.

Hapo ndipo niliposimama kwa fundi wa redio sokoni, mbele ya rundo lake la redio za magari.

"Kaka, hiyo haishiki hata stesheni moja," akasema.

"Sauti je, fundi, inatoa?"

"Sauti inatoa, ukiipa muziki wa pembeni."

"Basi hiyohiyo ndiyo ninayoitaka."

Redio ya gari ina karibu kila kitu. Ndani yake, mgongoni, imefungwa kwenye kipande cha aluminiamu, kuna chipu moja yenye ampilifaya nne. Yangu ilikuwa TDA7388, ambayo ni ya kawaida sana, na usipoipata Jinja utaipata Kampala kwenye soko la Kisekka kwa wavunja magari. Imeundwa kutumia volti 12 za betri, hivyo haihitaji gridi. Hukuza kwa desibeli 26, yaani mara 20: ukiipa wimbi la volti 0.3 inakurudishia volti 6. Mimi nilihitaji ampilifaya mbili tu kati ya nne. Nilikata kila kitu kingine, nikabakisha chipu, aluminiamu yake na kapasita zake, nikaipa volti miguu ya stendibai na myuti ili iamke. Lehemu ya bodi kuukuu ni ngumu. Ongeza lehemu mpya kidogo juu yake kwanza, ndipo inyonye, itakubali.

Kwa nini mbili? Mota ya TD 160 ina makundi mawili ya koili. Ili ianze na kuzunguka upande mmoja kwa utulivu, kundi la pili linatakiwa lipate wimbi lililochelewa robo ya mzunguko, nyuzi 90. Kiwandani kuchelewa huko kulifanywa na kapasita. Kapasita ni njia ya bei nafuu, nayo huzeeka. Baada ya miaka mingi thamani yake inahama, na mota inaanza kuzunguka kwa kujikokota upande mmoja kuliko mwingine. Ukiwa na ampilifaya mbili huhitaji kapasita hiyo tena: unaipa kila koili wimbi lake, na wewe ndiye unayeamua linachelewa kiasi gani.

Mawimbi yenyewe yanatoka kwenye bodi ndogo ya Arduino, kikompyuta unachokiandikia programu mwenyewe, yenye kristali ya megaherzi 16. Ndani ya programu kuna jedwali la namba linaloeleza umbo la wimbi laini, na bodi inalisoma jedwali hilo sehemu mbili kwa wakati mmoja, moja nyuma ya nyingine. Rezista na kapasita chache mlangoni zinasafisha kelele za kidijitali. Mpwa wangu anayesoma sekondari ndiye aliyekaa nami kwenye programu, na niseme wazi kwamba sehemu ya kubadilisha herzi kwa kitufe bila mota kustuka ni kazi yake.

Volti 6 haziwezi kuendesha mota ya volti 110, kwa hiyo mwishoni kuna transfoma mbili, zile za kawaida za kushusha 240 hadi 12, zimeungwa kinyumenyume. Ukiipa volti 6 upande wa 12, upande wa 240 utatoa karibu volti 100. Kwa hesabu tupu ingekuwa 120, lakini transfoma ndogo hupoteza. Mota hii iliundwa kukubali 110 au 220 kutegemea koili zilivyoungwa, na mimi niliziunga kwa 110.

Mambo mawili hapa ni ya usalama, na siyasemi kwa desturi tu. La kwanza: volti 100 zinazotoka kwenye transfoma hiyo zinaua, hata kama chanzo chake ni betri unayoweza kuishika kwa mikono miwili. Mtu akiona betri hujisahau. Boksi langu lina kifuniko cha skrubu, fyuzi kwenye waya wa betri, na soketi ambayo pini zake haziguswi na kidole. La pili: kila mlango wa spika wa chipu hizi una nyaya mbili, na zote mbili ziko hai. Hakuna hata mmoja unaoruhusiwa kugusa chasisi au upande hasi wa betri. Ukifanya hivyo, chipu itajizima kujilinda ikiwa una bahati.

Kisha ikaja sehemu niliyoipenda kuliko zote, ya kutafuta utulivu. Mkanda nje, sindano kwenye santuri iliyosimama, sauti juu, bisibisi mkononi. Programu yetu ina vidhibiti viwili: kimoja cha kuchelewesha wimbi la pili, kingine cha volti za koili moja dhidi ya mwenzake. Unazungusha polepole na kusikiliza. Mnong'ono unapungua, unapungua, unafika chini kabisa, kisha unaanza kurudi. Unarudi nyuma kidogo na kuacha pale. Kwenye mota yetu mahali pa utulivu hapakuwa nyuzi 90 kamili. Palikuwa pungufu kidogo, na koili moja ilitaka volti chache kuliko nyingine, nadhani kwa sababu koili zilizosukwa kiwandani miaka yote hiyo haziwezi kulingana hadi mwisho. Hakuna kapasita ambayo ingenipa nafasi ya kulitafuta hilo. Mjomba aliweka kidole chake juu ya kifuniko cha mota, akakiacha hapo muda mrefu, akasema, "Inazunguka kweli?"

Volti nazo zina mahali pake. Kuanza kuzungusha sahani yenye kilo 3 na ushei kunataka nguvu, kwa hiyo bodi inatoa volti 100 kwa sekunde kumi za mwanzo. Sahani ikishashika mwendo inachohitaji ni kidogo sana, na programu inashusha hadi 75 hivi. Nilifika kwenye 75 kwa kushusha hadi mota ilipopoteza hatua nilipoikandamiza santuri kwa brashi ya vumbi, kisha nikapandisha hadi brashi haikuisumbua tena. Kila volti uliyoipunguza ni mtikisiko uliopungua, lakini mota isiyoweza kuhimili brashi haina faida kwa mtu anayefuta santuri zake, na vumbi la Walukuba wakati wa kiangazi linataka brashi kila upande.

Kifaa chote kinavuta chini ya ampea moja. Betri ya ampea-saa 18 inaniendesha jioni nzima bila kushuka chini ya nusu, na paneli ya paa inaijaza kesho yake. Betri ikianza kulegea mwendo haubadiliki, kwa sababu herzi zinatoka kwenye kristali na volti zinatoka kwenye ukubwa wa wimbi, si kwenye betri. Ninachokifanya ni kuizima chaja ya sola wakati wa kusikiliza, maana nyingine hupiga kelele nyembamba inayoingia kwenye waya wa sindano. Ampilifaya ya muziki yenyewe inaendelea kutumia inveta ya kawaida. Yenyewe hubadili umeme kuwa DC, umeme usiogeukageuka, ndani yake, na haikuwahi kulalamika.

Sasa mizunguko 100 ni sekunde 180, gridi iwepo isiwepo. Friji la jirani linajiwakia lipendavyo.

Faida ambayo sikuitegemea ni ya santuri ndogo. Zamani, kutoka 33 kwenda 45 ilikuwa ni kuuhamisha mkanda kwenda kwenye sehemu nene ya puli. Leo mkanda hautoki mahali pake. 45 ni mara 1.35 ya 33 na theluthi, na 50 mara 1.35 ni herzi 67.5, unabonyeza kitufe, na mota inapanda yenyewe. Ila jambo moja lazima lifanyike pamoja na hilo: koili hukataa umeme zaidi kadiri herzi zinavyopanda, hivyo volti nazo lazima zipande kwa kiwango kilekile, kutoka 75 hadi karibu 100. Usipozipandisha, mota itafika 45 ikiwa dhaifu, na brashi itaisimamisha.

Pia tuliweka kitufe cha kuongeza na kupunguza herzi kwa sehemu moja ya kumi. Kila hatua ni asilimia 0.2. Nilikiomba kwa ajili ya mkanda ukizeeka, lakini kazi yake kubwa imekuwa nyingine. Bendi nyingi za zamani hazikutyuni kwa kipimo kimoja, na mashine za kurekodia nazo zilikuwa na mwendo wake. Kuna santuri ambazo hata zikizungushwa sawasawa hazilingani na gitaa lolote la leo. Zamani nililegeza nyuzi sita kwa ajili ya wimbo mmoja. Siku hizi naisogeza santuri kidogo ije kwenye gitaa, najifunza, kisha nairudisha kwenye 50 kamili, kwa sababu wimbo una haki ya kusikika kwa mwendo wake.

Yapo ambayo pawa saplai haiyawezi. Santuri ambayo tundu lake halikutobolewa katikati itapanda na kushuka kila mzunguko, mara moja kila sekunde 1.8 kwenye 33 na haraka zaidi kwenye 45, na santuri nyingi za inchi 7 nilizonazo zina ugonjwa huo. Beringi kavu, mkanda uliolegea, santuri iliyopindwa na jua dirishani: hizo zinataka mafuta, mkanda mpya na kabati. Mimi ningeanza na hizo kabla ya kununua hata rezista moja.

Na si kila kicheza santuri kinahitaji kazi hii. Vile vyenye mota ya DC vina kidhibiti chao cha mwendo ndani. Vinachotaka ni DC safi tu. Technics SL-1200MK2, iliyotoka mwaka 1979 na ambayo madijei wa Kampala wanaijua vizuri, imefungwa kwenye kristali yake yenyewe, na kuijengea oseleta nyingine ni kupoteza lehemu. Ninachozungumzia ni mota ya AC iliyoandikwa volti na herzi ubavuni. Soma hiyo lebo kwanza.

Rafiki yetu wa Bugembe aliisoma ya kwake na kukuta volti 120, herzi 60. Ndugu yake alimletea kutoka Marekani. Alishanunua transfoma ya kushusha 240 hadi 120, na mota haikuungua, lakini kila santuri inakwenda kwa mizunguko 27.8 badala ya 33 na theluthi, zaidi ya toni moja na nusu chini, na waimbaji wote wanaume wamekuwa na sauti za wazee. Kwake boksi hili ni mabadiliko ya namba tu kwenye programu: 60 kwa santuri kubwa, 81 kwa ndogo. Mpwa wangu ameshaziandika. Kinachosubiriwa ni transfoma za pili, na mota yenyewe ije mezani tuhesabu ncha zake na kupima koili zake kabla hatujakata waya.